Pikapu ya Baba Mkwe na Moto wa Shemeji Volti

Ndugu yangu, kama umeoa kwenye ukoo wenye pikapu ya urithi, sina jipya la kukueleza. Sogea tu tukae, tupeane pole. Kama bado, sikiliza kwa makini, maana baba mkwe anaweza kukuachia kitu chenye magurudumu manne siku yoyote, na kitu hicho hakiji peke yake. Kinakuja na mashemeji.

Yetu ni Hilux ya zamani, injini ya 2Y ya petroli, cc 1,812, kabureta na platini, haina kompyuta hata moja. Marehemu baba mkwe aliinunua alipostaafu kuendesha malori ya ushirika, yale yaliyokuwa yakizoa kahawa vijijini na kuishusha Bukoba mjini. Aliosha ile pikapu kila Jumamosi jioni hadi alipoishiwa nguvu za kuinua ndoo. Alipofariki, ukoo ulikaa kule kwao Kamachumu, wilaya ya Muleba, ukaamua kwamba pikapu ni ya wote, ila ilale kwangu Kashai, kwa kuwa mimi nina geti. Petroli haikutajwa kwenye kikao hicho. Tangu siku ile gari ni la ukoo, tangi ni langu.

Ngoja nikutambulishe watu wa nyumba hii, usije ukapotea njiani.

Mke wangu tunamwita Daftari. Baba yake, kwa mazoea ya ushirika, aliandika kila lita iliyoingia kwenye gari, kilomita iliyotembea, mzigo uliobebwa na jina la dereva. Daftari lenyewe lilikuwa likikaa chini ya siti. Mke wangu alirithi daftari, kalamu na ukali. Ukimwambia pikapu imekunywa mafuta mengi safari ya jana, anafungua ukurasa, anakuonyesha kwamba ulipakia viroba vya kahawa na mbuzi wawili, na mmoja wa mbuzi hao hakulipiwa nauli.

Mama mkwe ni Trafiki. Siti ya mbele ni yake kwa haki ya umri, hata akiwa amesafiri hakuna anayeigusa kwa raha. Mwendo ukizidi anaoupenda, anainua kiganja bila kusema neno, na dereva yeyote wa ukoo huu atakanyaga breki kabla hajajua kwa nini.

Binti yetu mkubwa ni Kondakta, kwa sababu husimama nyuma ya bodi na kutangaza vituo ambavyo hatusimami. Mdogo wake wa kiume ni Mbona. Huyo nitakuachia umsikie mwenyewe.

Kisha yuko shemeji, kitinda mimba wa Trafiki, fundi wa simu na redio pale Rwamishenye. Jina la Volti alilipata angali mwanafunzi, siku alipoiunganisha redio ya baba yake na betri ya lori ili isikike hadi kwa jirani. Redio ilisikika mara moja tu, moshi ukatoka, na marehemu hakuitaja tena mpaka siku ya wasia. Volti ana roho ya dhahabu. Mtoto akiumwa usiku wa manane, yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi. Lakini kitu chochote chenye waya hawezi kukiona kikiwa kizima akakiacha.

Sasa ugonjwa wa pikapu. Ulikuwa unaanza na masika. Wewe unajua mvua za Bukoba: tunapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa inaamua kushuka kati ya Machi na Mei, alfajiri, wakati watoto wanatakiwa shule. Ukipiga selfu, injini inakohoa, inashika kwa mitungi miwili, inatetemeka, inamisi mpaka jua litoke. Mchana inapona, usingeamini ndiyo ile ile. Na kwenye mlima wa kutoka Muhutwe kupanda Kamachumu, ikiwa na mzigo, ilikuwa ikirudi gia namba moja na abiria wanashuka kutembea. Wote isipokuwa Trafiki. Yeye hubaki ndani akiutazama mgomba mmoja baada ya mwingine ukipita taratibu, na anaufurahia mwendo huo kuliko wote.

“Shemeji,” Volti akaniambia Jumapili moja, “hii gari ina moto mdogo.”

Alikuwa amerudi kutoka Kampala na begi. Ndani ya begi, koili nyekundu inayong'aa, waya nene za plagi za rangi ya bluu, na plagi mpya ambazo kila moja ina miguu minne badala ya mmoja. Boksi la koili limeandikwa volti 45,000. Boksi la plagi linaahidi nguvu zaidi, mwendo zaidi na mafuta kidogo. Mtu wa duka alimhakikishia kwamba malori makubwa ya masafa marefu yanafungwa vitu hivyo hivyo. Lishike hilo la malori, tutakutana nalo mbele ya safari.

Tukafanya kikao mezani, matoke katikati. Mimi nilisema tufungue kwanza distributa tuone ndani kuna nini, maana gari linalougua asubuhi likapona mchana halina tatizo la udogo wa moto, lina tatizo la unyevu. Hakuna aliyeunga mkono. Mzee wetu fundi wa Hamugembe alikuwa amekwenda msibani Nshamba, kwa hiyo sikuwa na shahidi. Daftari aliuliza bei, akaiandika, akaandika pembeni “mkopo wa Volti”, maana fedha ilikuwa imetoka kwenye akiba ya ada. Kisha hoja ikapita. Nimeoa miaka ya kutosha kujua kwamba hoja iliyopita mezani kwa mama mkwe hairudi jikoni.

Volti akafunga vitu vile palepale uani, Mbona akimshikia tochi. Katikati ya kazi waya mmoja ukampiga shoti hadi spana ikaruka ukutani, na hapo Mbona akauliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo: “Mbona mimi nikishika betri hainipigi shoti, lakini waya umempiga Anko, na moto wote unatoka kwenye hiyo hiyo betri?”

Nikamketisha kwenye ngazi nikamweleza, na wewe nitakueleza hivyo hivyo, kwa sababu jambo hili linawagharimu watu wengi wenye magari ya kazi mkoa mzima na halistahili kuachiwa maboksi.

Betri ina volti 12 tu. Umeme wake unaingia kwenye koili, ambayo ina waya mnene uliozungushwa mara chache na waya mwembamba uliozungushwa mara elfu nyingi. Platini, ambazo ndizo swichi ya kukata umeme huo, zikiwa zimefunga, umeme unapita kwenye waya mnene na kutengeneza sumaku. Platini zikiachana, sumaku inaporomoka ghafla, na kwenye waya mwembamba volti zinaruka hadi maelfu. Distributa inaupeleka umeme huo kwenye plagi ya mtungi ambao zamu yake imefika, unaruka pengo la milimita 0.8 hivi, cheche inawasha petroli. Injini ya mitungi minne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo hilo linatokea mara 100 kila sekunde. Mpango huu ni wa Mmarekani Charles Kettering, na mwanzoni mwa miaka ya 1910 magari ya Cadillac yalikuwa tayari yanautumia. Zaidi ya miaka mia moja, na bado unatupeleka Muleba.

Sasa sikiliza sehemu ambayo maboksi hayasemi. Volti za koili hazipandi mpaka mwisho kila mara. Zinapanda hadi pale tu zinapotosha kuruka pengo la plagi, labda 10,000 au zaidi kidogo kwa injini ya kawaida, na zikisharuka, basi, hazipandi tena. Koili ya 45,000 kwenye pengo lile lile inarukia pale pale. Hizo nyingine zinabaki zimeandikwa kwenye boksi.

Na nguvu ya gari haitoki kwenye cheche. Cheche ya mfumo wa kawaida ina makumi machache ya milijuli, sehemu ndogo tu ya juli moja. Mchanganyiko mzuri wa petroli na hewa unaweza kushika moto kwa chini ya milijuli moja, ingawa ndani ya mtungi, kwenye msukosuko wa hewa, tunahitaji ziada ya kutosha. Lita moja ya petroli peke yake imebeba juli zaidi ya milioni 30. Huko ndiko nguvu iliko. Kama mtungi unawaka vizuri na kwa wakati wake, kuongeza ukubwa wa cheche hakuongezi tone la petroli wala punje ya hewa.

Trafiki alikuwa anamenya ndizi upande wa pili wa ua, akasikia yote. Akasema bila kuinua kichwa: “Kuni zikishika, zimeshika. Ukiziwasha kwa njiti moja au kwa kibiriti kizima, matoke yanaiva saa ile ile.”

Nilitamani Volti amsikie. Alikuwa amejipenyeza chini ya boneti akitafuta spana.

Lazima nitende haki. Siku za mwanzo pikapu ilikuwa nyepesi kweli. Daftari mwenyewe alithibitisha: lita moja, iliyokuwa ikitupeleka kama kilomita nane, sasa ilikaribia tisa. Volti alitembea ametanua mabega wiki nzima. Ila plagi alizozitoa zilikuwa zimelika mpaka pengo limekuwa kubwa, na waya za zamani zilikuwa zimepasuka ganda. Plagi mpya za kawaida kabisa na waya mpya za kawaida zingetoa faida ile ile. Hilo ndilo linalowapoteza wengi: mtu anabadilisha kibovu kwa kipya cha bei kubwa, gari linapona, na sifa inakwenda kwenye bei kubwa.

Hata ile miguu minne ya plagi. Cheche huchagua mguu mmoja kila inaporuka, ule ulio rahisi zaidi wakati huo; haigawanyiki kwenda kote. Faida yake ni kwamba miguu inalika polepole, plagi inadumu. Marekani jambo hili lilifika mbali: mwaka 1997 tume yao ya biashara, FTC, iliilalamikia rasmi kampuni ya SplitFire, iliyokuwa ikiuza plagi zenye mguu uliogawanyika, kwamba madai ya kuongeza nguvu na kupunguza mafuta hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Shauri likaishia kwa kampuni kukubali kutoyatoa tena bila ushahidi.

Ubaya wa kwanza ulikuja kupitia redio. Zile waya za bluu ndani yake zilikuwa shaba tupu, hazina ukinzani ambao waya za kiwandani huwekewa makusudi ili kumeza makelele ya cheche. Kila pikapu ilipowashwa uani, redio ya Trafiki ilikoroma kwa mwendo wa injini, na Volti akizidisha mafuta, mkoromo unazidi. Trafiki husikiliza matangazo ya vifo na misiba kila siku, asipitwe na mazishi ya mtu wa Ihangiro. Kwa mkoromo ule alikosa jina la mtu wa ukoo wao, akajua msiba ukiwa umekwisha. Kwa muda hakumpa Volti chai.

Ubaya wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Mvua ilirudi, na kumisi kukarudi, vile vile, alfajiri ile ile. Mtungi usiowaka unasukuma petroli mbichi hadi kwenye ekzosi yenye joto, na huko inawaka yenyewe. Alfajiri moja ekzosi ikalipuka kishindo kimoja cha kutikisa madirisha. Trafiki alikuwa bado amelala. Na ujue mama huyu, tarehe 10 Septemba 2016, lilipotupiga tetemeko la ukubwa wa 5.9, aliangukiwa na ukuta wa jiko. Tangu hapo hawezi kuhimili mtikisiko. Alitoka nje na shuka, amembeba Mbona begani ingawa Mbona ana miguu mirefu kuliko yake, akapiga kelele majirani watoke. Nusu ya mtaa ilikesha barabarani kwenye manyunyu mpaka kukapambazuka, kila mtu akimpigia ndugu yake wa Hamugembe kumuuliza kama amenusurika. Volti alisimama karibu na ekzosi, kimya. Hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kumhurumia kabisa.

Basi tukafika ubatizo wa mtoto wa dada yao Kamachumu. Tulipakia kreti za soda, masufuria ya kukodi, mchele, viti vya plastiki, watoto, na Trafiki mbele akiwa amevaa gomesi mpya. Kutoka Bukoba hadi Muleba mjini ni kilomita zipatazo 70, lakini sisi tunaikata njia Muhutwe na kupanda. Mpaka Kemondo mambo mazuri, Kondakta anatangaza “Kemondo, wa bandarini mshuke!” Muhutwe tukapita. Mlima ulipoanza, injini ikakohoa, ikakosa mitungi yote kwa mpigo, ikazima. Mvua ikaanza hapo hapo.

Nilifungua kofia ya distributa. Platini zilikuwa za bluu kwa kuungua, zimevimba upande mmoja na kutoboka upande wa pili. Na hapa, ndugu yangu mwenye gari la platini, nakuomba unisikilize kwa dhati. Koili ya zamani ilikuwa na ukinzani wa kama omu 3, kwa hiyo kwenye volti 12 platini zilikuwa zikikata ampea 4, ambazo zinaziweza. Koili nyekundu imetengenezwa kwa mfumo wa elektroniki. Ukinzani wake hauifikii omu moja. Hiyo inaweza kuvuta zaidi ya ampea 12. Platini haziwezi kukata umeme wa namna hiyo kwa muda mrefu. Kila zikiachana zinachomana. Shemeji alikuwa amerudia kosa la redio na betri ya lori, wala hakukuwa na wa kumkemea, maana baba yake hayupo.

Fuso iliyobeba mbao ikasimama. Dereva, kijana mstaarabu, akatusalimia wote kwa heshima, akainama kutazama. Na Volti, akiwa amelowa hadi kwenye mifupa, akamweleza kwamba ana koili nyingine nzuri ya kuuza, itaiongezea Fuso nguvu za mlimani, kama malori makubwa ya masafa marefu yanavyofanya.

Dereva alimtazama kwa muda. “Kaka, hii ni dizeli,” akasema. “Haina plagi ya moto.”

Na ndivyo ilivyo. Injini ya dizeli inaibana hewa hadi inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe yanaponyunyizwa. Plagi za joto ambazo baadhi ya injini za dizeli zinazo ni za kusaidia kuwasha kwenye baridi tu, hazirushi cheche. Fuso, Scania, Isuzu za mizigo unazopishana nazo hapa Kagera, hakuna hata moja inayoweza kufungwa kitu kilichokuwa ndani ya begi la Volti. Aliyemwambia vile alikuwa anauza tu.

Yule kijana alitutendea wema. Alibeba soda na masufuria juu ya mbao zake, na Trafiki akapanda kabini. Kondakta aliyepanda naye alitusimulia baadaye kwamba kabla hawajafika kona ya kwanza bibi aliinua kiganja, na Fuso ikapunguza mwendo.

Sisi tuliobaki tuliokolewa na mke wangu. Siku Volti alipoing'oa koili ya zamani na kuitupa pembeni, Daftari aliiokota, akaiandika kwenye orodha ya mali ya ukoo, akaifunga gazeti na kuiweka chini ya siti pamoja na daftari la baba yake. Akaitoa. Hakusema kitu. Tulirudisha koili, nikazisugua platini kwa msasa, nikapima pengo kwa kipande cha msumeno wa chuma, kama nilivyowahi kumwona marehemu akifanya. Ikashika. Ilikohoa njia nzima, lakini tulifika Kamachumu padre akiwa bado anakunywa chai.

Mzee fundi alipotoka msibani, nilimpelekea gari mwenyewe, jioni. Alinitaka nisubiri giza. Giza lilipoingia, akawasha injini, akafungua boneti, akaomba kile kichupa cha maji ambacho Daftari hutumia kupigia pasi, akanyunyiza manyunyu kidogo juu ya distributa. Mungu wangu. Cheche za bluu zilitambaa juu ya kofia, zikifuata ufa mwembamba ambao mchana huuoni. Ndani ya ufa kaboni ilikuwa imejipanga mstari, na umeme ulikuwa unaukimbilia mstari huo ukiachana na plagi. Unyevu ukizidi, njia hiyo inakuwa rahisi zaidi. Kwa sababu hiyo iliugua alfajiri na kupona mchana. Na kwa sababu hiyo hiyo koili ya nguvu haikusaidia: umeme mkali zaidi ulikuwa unavuja kwa ukali zaidi.

Akabadilisha kofia, rota, platini, kondensa, akaweka waya za kawaida zenye ukinzani na plagi za namba ile ile ya kitabu. Kisha akakaa na taimingi kwa muda mrefu kuliko vyote. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Kamachumu iko juu zaidi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Hewa ikiwa hafifu moto hutembea polepole ndani ya mtungi, hivyo cheche inatakiwa kutangulia kidogo kuliko Dar es Salaam, bila kufikia pa kugonga. Mzee aliipima kwa sikio mlimani, akisogeza distributa kwa upana wa kucha. Volti amekuwa akisema miaka yote kwamba pikapu za Dar zina mbio kwa sababu ya moto mkubwa. Ni hewa, shemeji. Wao wana hewa nzito.

Pikapu sasa inapanda kutoka Muhutwe na gia namba mbili, mzigo ukiwemo, na hakuna anayeshuka. Kwenye daftari lita moja inakwenda kilomita tisa na nusu, mvua au jua.

Baadaye mzee alipata distributa ya elektroniki kutoka kwenye Hilux iliyokufa, pamoja na koili yake inayolingana nayo, akatushauri tuifunge. Nilikubali, na ningekubali tena. Mke wangu aliandika kila lita kabla na baada: kilomita hazikubadilika, gia ya mlimani haikubadilika. Tulichopata ni kwamba hakuna tena platini za kusugua wala pengo la kupima, na asubuhi inashika kwa selfu fupi. Kwa gari la kazi hiyo ni faida tosha. Moto mkali una mahali pake: kwenye injini yenye tabo, yenye mbano mkubwa, inayozungushwa kasi sana, au iliyogeuzwa kutumia gesi kama zile za Dar es Salaam, maana gesi inahitaji volti zaidi kuruka pengo. Hilux ya marehemu inayopanda na ndizi haiko hata kwenye mojawapo ya hizo.

Volti ameyapokea haya yote kwa moyo mzuri, na anawaambia wateja wake Rwamishenye kwamba yeye ndiye aliyeanzisha mradi wa kuipeleka pikapu kwenye elektroniki. Sibishani naye. Deni lake la koili nyekundu bado liko kwenye ukurasa wake, na kwa kuwa simu hazikuleta fedha mwaka huu, walikubaliana na dada yake alipe kwa mikungu ya ndizi kutoka kibanja cha mama yao. Kila akileta, Daftari anautoa mkungu nje kwenye mwanga, anaugeuza, anahesabu vichane, na wenye ndizi nyembamba anaurudisha.